Mkono wa Kulia wa Kulow

Dukani kwa Gelle,
Garissa.
Tarehe 9 Desemba, 1954.

Mpendwa Abowe Warfa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu wewe kaka yangu mkubwa, namsalimu shemeji Lul, na watoto wote mmoja mmoja hadi yule mdogo ambaye bado sijamtia machoni. Je, goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Arusha? Ile dawa ya kuchua uliyonunua kwa Mhindi imekusaidia, au imekuachia harufu tu? Na ng'ombe wako, wamepona ule ugonjwa wa kwato?

Sisi huku tunapumua, alhamdulillahi. Mvua imenyesha vizuri, mto umejaa na maji yake ni mekundu, mbu hawana idadi. Mama alishikwa na homa lakini sasa anaamka na kugombana na kuku, kwa hiyo ujue amepona. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasikia.

Sadiyo, mwanangu, najua wewe ndiye unayeisoma barua hii kwa sauti, na baba yako amekaa kwenye kiti chake na chai mkononi. Soma polepole kama alivyokufundisha mwalimu, wala usiruke mahali. Zipo sehemu zitakazomkasirisha. Zisome hivyohivyo, hasira zake atamletea shangazi yako huku, si wewe.

Kaka, barua yako imenifikia. Umesema mambo mawili. La kwanza, ukipata kibali cha serikali cha kuingia huku utakuja mwezi wa pili kumchukua ndugu yetu Kulow umpeleke Arusha, umeshamtengea chumba chenye godoro na mtu wa kumwogesha na kumlisha hadi mwisho wa umri wake. La pili, kwa kuwa hawezi tena kazi ya ngamia, ngamia wa baba wapewe binamu yetu Gelle, na ndama wa mvua hii wapigwe chapa ya Gelle. Niliposoma hapo mama alilia kwa furaha, akakuombea dua ndefu. Mimi nilitoka kwenda mtoni kuteka maji, na pipa lilikuwa limejaa.

Usinielewe vibaya. Najua moyo wako. Ulimwacha Kulow kijana wa kuruka boma, ukasikia amekuwa mtu wa kulazwa, na wewe uko mbali na unataka kufanya jambo. Barua zangu za nyuma zilikuwa fupi kwa sababu nilikuwa sina nguvu hata ya kalamu. Leo acha nikueleze yote tangu mwanzo, kisha uamue. Wewe ndiye uliyeshika nafasi ya baba.

Unajua aliumia kiangazi cha mwaka jana, kisimani, upande wa Diff. Alikuwa ndani ya kisima na wenzake, wamesimama mmoja juu ya mwenzake wakirushiana ndoo za ngozi kupeleka juu, na huko juu ngamia wanasukumana kwa kiu. Gogo lililolazwa mdomoni mwa kisima likateleza, likampiga kichwa upande wa kushoto. Walimleta Garissa kwa lori la ngozi, amelala juu ya ngozi mbichi, nzi wote wa nchi hii wakimfuata. Alipofumbua macho hospitalini upande wake wote wa kulia ulikuwa kimya, mkono na mguu. Na alikuwa na neno moja tu, wadaan, ile ndoo ya kisimani. Maji ni wadaan, mama ni wadaan, mimi ni wadaan.

Hospitali walimtunza vizuri, fuvu likashika, kisha wakatwambia tumpeleke nyumbani. Tukamlaza chumba cha mbele. Na hapo, kaka, ndipo tulipoharibu mambo sisi wenyewe, kwa mapenzi na kwa adabu zetu.

Wewe unajua tulivyolelewa. Mkono wa kushoto hauendi kinywani. Kulow alikuwa hajui siku wala jina langu, lakini hilo hakulisahau. Ukimwekea sahani, mkono wake wa kushoto, mzima kabisa, ulibaki pajani. Wa kulia haukuweza kuinuka. Akawa anaitazama sahani na chakula kinapoa. Mama hakuweza kuvumilia kuona hivyo, na nani angeweza? Akaketi mbele yake, akamega anjera, akamlisha kwa mkono wake kama alivyomlisha utotoni.

Kisha wakaja wageni. Mgonjwa ana thawabu na kila mwanamke wa mtaa huu alitaka fungu lake. Huyu analeta maziwa na kumshikia kikombe, yule anamfuta midomo, mwingine anamvuta kwa mkono mbovu ili akae vizuri, hadi bega likachomoka kidogo na akapiga ukelele tuliousikia mpaka uani. Kulow hakuinua hata kijiko. Alinenepa mashavu, na ule mkono wa kulia ukazidi kukonda, vidole vikajikunja ndani, ngozi ikawa baridi. Nikiuosha nilikuwa kama ninaosha mkono wa mtu aliyeusahau kwetu.

Siku moja akaja Koricha kuangalia kovu. Huyu Koricha ni Mborana wa upande wa Wajir, mfunga vidonda wa hospitali. Wakati wa vita alikuwa Burma, katika hospitali ya jeshi, na huko aliwauguza askari waliopigwa risasi na vipande vya bomu kichwani. Alimkuta mama akimlisha Kulow. Akakaa, akanywa chai yake yote. Nilipomsindikiza mlangoni ndipo akasema, kwa Kiswahili chake cha jeshini, kwa sababu mimi Kiborana sijui na yeye Kisomali chake ni cha sokoni.

"Timiro, hii mkono si kufa. Kichwa ndio imesahau yeye. Mama yako nalisha, wewe naosha, sasa hii mkono nakumbuka kwa sababu gani?"

Nikamwuliza basi tufanye nini. Akaniambia mambo waliyokuwa wakifanya Burma, ila akanionya mapema kwamba wengine waliinuka na wengine hawakuinuka, na madaktari wenyewe hawakujua nani atakuwa nani. Sikupenda jibu hilo lakini ndilo lililonifanya nimwamini.

Basi nikaanza. Kila asubuhi nausugua ule mkono kwa kamba ya katani, kisha kwa ngozi laini ya kondoo, kisha kwa mchanga uliopata jua, ili ngozi ijifunze tena kutofautisha. Anafumba macho, ninamtilia kitu kiganjani, kokwa ya tende, ufunguo, bonge la chumvi, naye aseme ni nini. Mwanzoni hakuhisi hata kama kuna kitu. Alikuwa anafungua jicho moja kuchungulia, mjanja yuleyule. Namkalisha ukingoni mwa kitanda, namwekea kiganja kitandani, namwambia aegemee uzito wake hapo hadi mkono utetemeke. Namsimamisha kati ya nguzo mbili za ukumbi ahamishe uzito mguu hadi mguu. Mchanga wa mtoni naumwaga kwenye sinia, achore kwa kidole. Shule hakusoma, herufi hazijui, kwa hiyo alichora kitu pekee anachokijua, chapa ya ngamia wa baba. Kidole kilikuwa kinakwenda upande ambao hakikutumwa, na alichokiacha mchangani kilikuwa njia ya mdudu.

Na wakati wa kula, hilo ndilo lililoniletea vita, namfunga mkono wa kushoto kwa kitambaa ubavuni, kisha namwekea sahani na kuondoka. Koricha alisema askari wengine ilibidi wafungwe hivyo kwa nguvu, maana mkono mzima hukimbilia kila kazi. Kwetu, alisema, dini imeshatusaidia nusu, Kulow mwenyewe hataki kula kwa mkono wa kushoto. Kilichobaki ni sisi kutomlisha.

Kaka, jaribu kukaa chumba cha pili ukamsikia ndugu yako akihangaika na bakuli la uji. Uji unamwagika, anapumua kwa nguvu, anatukana kwa neno lake lile moja. Nimetoka jasho nikiwa nimekaa tu. Siku nyingine alichoka kabla ya kushiba akalala na njaa, nami nikashindwa kula changu. Kichwa kikimwuma hataki sauti wala mwanga, na mwadhini akiadhini anaziba sikio moja kwa sababu mkono wa pili haufiki. Hasira hizi pia hakuwa nazo zamani. Amenirushia kikombe cha bati, alama ninayo juu ya nyusi. Koricha anasema hasira hizo ni za jeraha, si za mtu. Huenda. Nyusi ni zangu.

Mama hakunielewa hata kidogo. Aliniita mwenye moyo wa mawe. Alisema mume wangu alikufa mapema kwa sababu sijui kuhurumia mwanamume, neno ambalo nimelimeza na bado halijashuka. Mtaani zikaenea habari kwamba Timiro anamfunga mgonjwa kamba na kumnyima chakula. Gelle, mtoto wa ami yetu, mtu mwema na hili silisemi kwa adabu tu, akafunga duka mchana akaja kunikalisha. Alisema kwa upole, "Dada, ukichoka tuambie, tutatafuta mtu." Nikamjibu nimechoka ndiyo, lakini mtu simtaki. Akatazama mkono wa Kulow, akatikisa kichwa, akaanza kuzungumza habari za ndama wanaokua bila chapa. Sikumlaumu. Ngamia hawangoji mtu apone.

Miezi ikapita, na mkono haukusogea kama Koricha alivyotarajia. Alikuja, akaupima, akakuna kidevu. Mimi nikaanza kufa moyo. Kisha siku moja nilirudi mtoni mapema kwa sababu punda alichechemea, nikaingia kwa mlango wa uani, nikamkuta mama na bakuli la wali na samli, anamlisha Kulow tonge kwa tonge, na kitambaa cha mkono wa kushoto kimekunjwa vizuri kando yake. Kumbe ndivyo ilivyokuwa kila nilipokwenda kuteka maji. Kabla sijarudi anamfunga tena kile kitambaa, fundo langu lilelile, na Kulow anakaa kimya kama mtu aliyeshinda na njaa.

Nilikaa chini pale uani nikacheka, kisha nikalia, mama akadhani nimepandwa na kitu, akaenda kutafuta uvumba. Nilikuwa nimechoka mno hata kugombana.

Kitu kingine kikawa kinywani mwa watu, kwamba Kulow aliunguza kiganja kwenye birika na hakuhisi mpaka alipoisikia harufu. Ni kweli. Mama alikitumia kiganja hicho kama ushahidi kwamba mkono umekufa na mimi ninamtesa maiti. Koricha aliniambia nitie maji ya uvuguvugu katika bakuli moja na ya baridi katika jingine, azoee kutofautisha kabla ya kukaribia moto. Nikaongeza kazi hiyo juu ya nyingine.

Halafu Koricha akatoa wazo lililotaka kumtoa Kulow roho. Alisema vidole vinahitaji kazi ya kubana na kuachia, laini na yenye joto, na kazi hiyo ipo uani kwetu. Akamue mbuzi.

Kaka, sina haja ya kukueleza. Mwanamume hukamua ngamia, amesimama kwa mguu mmoja, chombo kimekaa juu ya goti, watu wakimwona kwa mbali wanajua ni mwanamume. Mbuzi hukamuliwa na sisi na watoto. Kulow alielewa maneno yote ya Koricha, na hapo ndipo nilipojua kwamba akili yake imerudi. Aligeukia ukutani. Maneno yalikuwa yameanza kumrudia kidogokidogo, na siku hiyo alipata mawili kwa pamoja. "Mimi mwanamume," akasema. Hakutaka kumwona Koricha muda mrefu.

Mwezi uliopita, mvua ilipochanganya, mama akashikwa na homa. Alitetemeka asubuhi nzima, meno yakagongana, kisha joto likapanda akaanza kumwita baba kama yuko chumba cha pili. Ilipofika saa sita mchana nilimwachia maji kando ya kitanda, nikakimbia hospitali kutafuta kwinini. Foleni ilikuwa ndefu, nusu ya mji ilikuwa na homa. Nilikaa huko nikiwa na roho mkononi. Nyumbani nimewaacha wagonjwa wawili, na hakuna hata mmoja wa kumwinua mwenzake.

Niliporudi niliona kwanza mlango wa zizi la mbuzi uko wazi. Mbuzi yule mweupe amesimama ukumbini anakula mkeka. Toka zizini hadi mlango wa mama, maziwa yamemwagika chini, matone na madimbwi, na katikati ya maziwa nyayo, mguu mmoja umekanyaga vizuri na mwingine umeburutwa. Nikajua ni nyayo za nani kabla sijainua macho.

Mama alikuwa ameketi, mgongo ukutani, kikombe cha bati kifuani. Kulow yuko sakafuni, kikoi chote kimelowa maziwa, amekunja shingo, anapumua kama aliyepanda kutoka kisimani. Mkono wa kulia umelala pajani unatetemeka wenyewe. Kwenye vidole kulikuwa na manyoya ya mbuzi.

Mama alinieleza baadaye. Maji niliyomwachia aliyapiga kwa mkono akayamwaga, kisha kiu ikambana, akawa anaomba maziwa. Aliomba kwa sauti kwa sababu ya homa, hakujua anamwomba nani. Akasikia kitu kinaburuta nje, mbuzi analia, bati linagonga mawe, kimya, tena linagonga. Ilichukua muda mrefu sana. Kulow alipoingia kikombe kilikuwa na kiasi cha kufunika kidole tu. Alikishika kwa mikono miwili, wa kulia ukiwa mbele. Alipiga magoti, akakileta mdomoni mwa mama, kikagonga meno yake, mengine yakamwingia puani. Mama alikunywa. Alisema hajawahi kunywa maziwa matamu hivyo, na mama yetu, unamjua, maziwa yoyote asiyokamua mwenyewe huyaona machungu.

Nilipochukua kitambaa nimfute Kulow, mama akanizuia. "Mwache," akasema. "Atajifuta."

Tangu siku hiyo mama hamlishi. Wageni wakija na bakuli zao anaketi mlangoni kama askari. Mwanamke mmoja alitaka kumshikia Kulow kikombe, mama akamwuliza kama nyumbani kwake hakuna watoto wa kunyonyesha. Mimi nilikwenda uani kucheka. Kumlisha alimlisha kwa huruma, na sasa anamkatalia kwa huruma ileile.

Na mbuzi anamkamua kila asubuhi, mlango wa uani umefungwa. Hilo usimwambie mtu, na wewe Sadiyo vilevile.

Sasa nikwambie alipofika, bila kutia chumvi. Anakula mwenyewe kwa mkono wa kulia, taratibu, na wali bado unamshinda kuukusanya. Anajifunga kikoi. Anakwenda msikitini na fimbo, anapumzika mara kwa mara njiani, mguu unakwaruza. Macho yamefumbwa, anajua ufunguo na chumvi, tende anabahatisha. Kamba anasuka, mbovu, inafaa kufungia kuku. Maneno yamekuwa mengi kiasi cha kugombana naye. Kichwa kinamwuma bado kila jua likiwa kali, na akichoka wadaan inarudi kwa kila kitu. Kukamua ngamia hawezi. Kusimama mguu mmoja hawezi. Koricha anasema vidole viwili vya mwisho huenda visirudi kabisa, na kwamba kazi hii si ya mwezi wala miezi, ni ya miaka, na siku utakayoiacha mkono nao utaacha. Kulow yule wa kuruka boma hatumpati tena. Nimeshamlilia, nikamaliza. Huyu tuliye naye ni mwingine, na yuko hai.

Ndiyo maana nakuomba usimpeleke kwenye lile godoro. Huyo mtu uliyemtafuta atakuwa mwaminifu, atamlisha kwa wakati, atamwogesha, atamvisha, na baada ya mwaka mmoja utakuwa na ndugu mnene aliyelala, mkono umejikunja, asiye na neno ila wadaan. Utafanya kwa mapenzi, kama sisi tulivyofanya.

Nimechoka, kaka. Nalisema hili wazi ili usije ukadhani nakuandikia kwa sababu ya ujasiri. Mgongo unaniuma, mikono yangu imechubuka kwa katani, usingizi wangu ni wa kuku. Ziko asubuhi ninazolala macho wazi nikitamani kweli lori lako lifike, umchukue, nami nilale hadi adhuhuri. Ningekuwa mwongo kukuficha. Lakini nikiamka namwona ameshaketi ukingoni mwa kitanda, kiganja amekiweka pale, anaegemea, bila mimi kumwambia. Basi naamka.

Njoo mwezi wa pili, tunakuhitaji. Njoo ukae nami, unipokee kidogo. Na ukifika, jambo moja tu nakuomba, kaka, ulishike kuliko mengine. Kulow atataka kukukaribisha mwenyewe. Atakumiminia chai na atakuletea kwa mkono wa kulia. Itachukua muda. Kikombe kitacheza, nyingine itamwagikia kanzu yako nzuri. Utaona mguu unaburuta na moyo wako utakuambia inuka umpokee njiani. Usiinuke. Kaa hapo ulipo, mtazame usoni si mkononi, mwulize habari za mvua. Usinyooshe mkono wako mpaka kikombe kifike. Ikibaki funda moja, kunywa hilo funda, mshukuru kama mgeni anavyomshukuru mwenye nyumba.

Kuhusu ngamia, sitaki kuonekana naingilia mambo ya wanaume. Gelle aendelee kuwachunga, anachunga vizuri, na maziwa ni haki yake. Ila chapa, nakuomba uingojee mvua nyingine. Ndama wakishapigwa chapa ya Gelle, Kulow ataamka asubuhi kwa ajili ya nini? Kwa kamba ya kufungia kuku? Neno ni lako. Gelle amesema atangoja jibu lako, na barua hii nitaipeleka posta mwenyewe ili isikae kaunta ya mtu.

Mama anakusalimu, anasema goti lako ulipake mafuta ya mkia wa kondoo, uachane na dawa za Mhindi. Gelle na mkewe Batula wanawasalimu. Koricha hakujui lakini amesema nikusalimu, na kwamba ukija uje na tende zenye kokwa, zetu zimeisha. Wape salamu Amino na mumewe, na jirani yenu yule mpishi wa harusi aliyenifundisha kupika ndizi nilipokuwa msichana nyumbani kwako. Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akufungulie njia ya kibali, akulete salama, na akurudishie kwa watoto wako yale yote uliyotufanyia sisi.

Ni mimi dada yako mdogo, mchovu, akupendaye siku zote,

Timiro.

Nimeshatia sahihi, lakini karatasi imebaki na nafasi, na Kulow amekuja kukaa kando yangu. Nilimsomea barua yote kwa Kisomali, ila ile habari ya mimi kulilia lori nimeiruka. Amesikiliza hadi mwisho, kisha ameomba kalamu. Ameiomba kwa jina lake. Ameishika kwa ngumi, wino umetapakaa, na imembidi apumzike katikati. Mkono wa kushoto sikuufunga mimi. Ameukalia mwenyewe.

Sadiyo, hapo chini hakuna la kusoma. Mpe baba yako karatasi aishike. Chapa ya ngamia wa baba yake ataijua.